Zilipendwa na Dhuluma ya Taadhima

Huku Ulaya, na hii ndiyo Ulaya yetu ya Kilosa isiyohitaji pasipoti, aghalabu redio zikifikia kipindi cha zilipendwa, nyimbo za Mbaraka Mwinshehe Mwaruka hupigwa sambamba na za wenziwe kana kwamba zote zilitungwa siku moja, na kijana azisikiaye huzipokea kwa taadhima ile apewayo marehemu. Taadhima hiyo, kwa insafu, ni dhuluma. Kwani lau kijana huyo angezipanga nyimbo hizo kwa mfuatano wa miaka yake, angekutana na wanamuziki ambao hajapata kusimuliwa habari zao, watu wasiotulia, walioacha kwa hiari yao ufundi uliokuwa ukiwajazia ukumbi, wakaenda kutafuta mwingine.

Tabia hiyo ilikuwako Morogoro kabla ya Mbaraka. Salum Abdallah, aliyeanzisha La Paloma mwaka 1948 na Cuban Marimba mwaka 1952, aliichukua rumba katika santuri za Kuba bila ya kuona haya, akaigeuza hata ikawa yasema Kiswahili kwa mafumbo ya kwetu. Na alipofariki mwaka 1965, Juma Kilaza aliyemrithi hakukubali kuwa mlinzi wa kaburi, bali aliipeleka bendi katika mtindo wa Ambianse. Mahasimu wao walikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyoundwa tangu 1944, ambamo Mbaraka aliingia katikati ya miaka ya sitini na gitaa lake la solo. Wakapiga mtindo wa Likembe, wakaja na ule wa Sululu, na mwaka 1970 yeye akaenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mtu mwingine angeridhika. Yeye mwaka 1973 aliunda Super Volcano, akaanza upya na mtindo wa Masika, na alikuwa angali akiuendeleza ajali ya gari ilipomwua Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34.

Watakuwapo wa kunijibu kwamba mtindo ulikuwa jina tu la kuwavutia wachezaji. Kwa sehemu nakiri: bendi ya Vijana Jazz ilitoka mtindo wa Koka Koka ikaenda Takatuka, kisha Pamba Moto, na sidhani kila jina lilikuja na muziki wake. Walakini kutangaza mtindo kulikuwa kuweka ahadi hadharani, na shabiki aliyekwisha kutoa kiingilio alikuwa na haki ya kuidai ahadi hiyo papo hapo, chemko, ile sehemu ya wimbo yenye kasi, lilipoanza. Leo sisi tunadai kinyume chake: bendi ya dansi ikialikwa harusini twataka ipige wimbo kama ulivyo katika santuri, na mpiga gitaa akithubutu kupita njia yake mwenyewe, twaguna.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi hizi kwa miongo kadhaa, na hazina hiyo sasa i mikononi mwa TBC. Kwa hiyo udhuru wa kukosa nyimbo haupo. Watangazaji na watamke mtindo na mwaka kabla ya kila wimbo. Kipindi cha saa moja chatosha kuanzia: Likembe, Sululu, Masika, kwa mpangilio huo huo, na mtangazaji, tafadhali, asiseme wakati gitaa linalia.