Ahadi ya Mahafali Isiishie Mahafali



Mwaka 1987 wanafunzi wa Humboldt State, California, walianzisha ahadi ya wahitimu: kabla ya kukubali kazi, mtu aangalie inawafanyia nini watu na mazingira, na akishaingia ajitahidi kuleta nafuu. Wanaoahidi huvaa utepe wa kijani siku ya mahafali. Vyuo vingine navyo vikaifuata.

Sisi tunaona kuanzisha si kazi. Kazi ni kudumu, maana wanaoibeba kampeni ndio hao hao wanaomaliza na kuondoka. Ukipita mwaka mmoja bila mrithi, mwaka unaofuata hakuna anayejua pa kuanzia.

Kwetu bi harusi hafundwi asubuhi ya harusi. Somo yake humuanza mapema. Na kampeni iwe hivyo. Wanafunzi wa mwaka wa pili washirikishwe tangu muhula wa mwanzo. Majina ya walioahidi, bei ya utepe na mwalimu anayesaidia viandikwe daftari moja, likabidhiwe mbele ya watu.

Ahadi ni deni. Dada unayemaliza mwaka huu, daftari unamwachia nani?