Mwanamke akihesabiwa, je, amesikilizwa?



Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Ukerewe, nilimsindikiza shangazi yangu kwenye mkutano wa kikundi chake cha kuweka na kukopa. Siku hiyo walikuja wageni wawili wa shirika linalowafadhili, wakiwa na fomu. Waliuliza wanachama ni wangapi, wanawake ni wangapi, na marejesho yamefikia wapi. Majibu yalikuwa mazuri: wanachama 24, wanawake 21, deni limelipwa lote. Wakapiga picha, wakaaga.

Njiani shangazi akacheka. "Frateri, ile hela nililala nayo usiku mmoja tu." Kesho yake mume wake alinunulia nyavu. Marejesho alitoa yeye, kwa kuuza mihogo na kuku. Katika fomu ile ameandikwa kuwa mwanamke aliyewezeshwa.

Sisemi kwamba mume wake ni mtu mbaya. Nyavu zinalisha nyumba nzima, na huenda shangazi angekubali kama angeulizwa. Shida ni kwamba hakuulizwa na mume wake, wala na wale wageni.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mikopo ya vikundi vya wanawake ilipata umaarufu kupitia Benki ya Grameen ya Bangladesh. Mwaka 1996 watafiti Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walichapisha utafiti kuhusu mikopo ya nchi hiyo, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanawake waliokopa hawakuwa na mamlaka kamili juu ya fedha walizokopa, kwani ziliamuliwa na wanaume wa nyumbani. Sasa ni karibu miaka 30, na fomu bado zinauliza idadi na marejesho. Hata mikopo ya halmashauri zetu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 kati yake ni ya wanawake, kwa kawaida tunatangaziwa vikundi vingapi vimepata na shilingi ngapi zimetoka.

Mataifa wafadhili wa OECD wana alama zao za 0, 1 na 2 za kuonyesha kama mradi unalenga usawa wa kijinsia. Alama hiyo hutolewa kwa kuangalia nia ya mradi wakati unapopangwa. Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino kwamba nia njema peke yake haitoshi kulifanya tendo kuwa jema. Lazima tendo lenyewe na mazingira yake vipimwe pia. Mradi unaweza kupata 2 siku ya kwanza na shangazi yangu akabaki pale pale. Bila shaka nia ni lazima ijulikane, lakini hiyo ni hesabu ya mwanzo wa safari tu.

Najua wapo wasomaji watakaosema usawa wa kijinsia ni ajenda ya Wazungu, mashirika yafungashe yaende. Siwaungi mkono. Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing mwaka 1995 alikuwa Mama Gertrude Mongella, mtoto wa kisiwa chetu hiki cha Ukerewe. Kanisa halikususia mkutano ule. Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wanawake barua mwezi Juni mwaka huo, na ujumbe wa Vatikani uliongozwa na mwanamke, Mary Ann Glendon. Ujumbe huo ulikuwa na mambo yake ya kupinga, ukayasema ndani ya ukumbi. Na sisi tukosoe hivyo, tukiwa ndani.

Kwa hiyo naomba wafadhili warudi mwaka mmoja au miwili baada ya mradi kufungwa, wakae na mama bila mume wake wala mwenyekiti wa kikundi. Wamuulize nani aliamua fedha itumikeje, shamba limeandikwa jina la nani, na akifiwa na mume atabaki na nini. Swali hilo la mwisho si dogo, maana Tangazo la Sheria za Kimila la mwaka 1963 lilimweka mjane pembeni katika urithi. Nilipomuuliza shangazi angependa kuulizwa nini, alisema, "Waniulize naamka saa ngapi." Anaamka saa kumi alfajiri. Tangu aingie kwenye kikundi, kazi zimeongezeka, usingizi umepungua.

Na kabla hatujamaliza na wafadhili, tuangalie jumuiya zetu ndogo ndogo. Katika jumuiya ya nyumbani, wanaokuja kusali wengi ni akina mama, na taarifa ya mahudhurio tunaipeleka parokiani kwa furaha. Mwenyekiti, katibu na mtunza hazina ni wanaume. Nilikuwepo siku ya uchaguzi, nami nilinyoosha mkono kuwachagua.