Bwana Shamba Anajibu: Perege Hawali Pumba

Mwezi wa Juni na Julai wafugaji wa samaki wa miteremko ya Mlima Meru huniuliza: "Bwana Shamba, mbona perege wamekataa pumba? Wamelogwa?"

Hawakulogwa, ndugu. Maji ni ya baridi.

Mtu ana joto lake mwenyewe. Samaki hana. Maji yakipoa, naye hupoa mpaka tumboni. Humo tumboni mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja chakula ili kijenge mwili. Baridi huvifanya vifanye kazi polepole.

Samaki wengi wana ufundi wao. Maji yakipoa taratibu, mwili hutengeneza vimeng'enya vingi zaidi, au vya namna nyingine. Mwaka 1970 wataalamu wa Kanada walieleza habari za trauti, samaki wa mito baridi. Waliozoea maji ya nyuzi 2 walikuwa na kimeng'enya cha ubongo tofauti na cha waliozoea nyuzi 17. Lakini kuzoea huko huchukua siku nyingi.

Perege naye ni samaki wa joto. Hupenda nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo. Karibu na 16 huacha kula.

Basi, lisha saa nane mchana, jua likishapasha maji. Tupa konzi moja, utazame. Wakimaliza, ongeza. Wakiacha, nawe acha. Pumba zinazobaki huoza, na kuoza huko humaliza hewa majini. Asubuhi utakuta samaki wanaelea, nawe utailaumu baridi bure!

Vifaranga kutoka mabwawa ya joto ya bondeni, mimi ningesubiri Oktoba.