Kabini za bei ya kutupa: wananchi waelezwe ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nami nitoe maoni yangu juu ya matangazo ambayo siku hizi yamejaa katika simu za wananchi. Matangazo hayo yanasema kwamba meli za starehe za Marekani na Ulaya huuza kabini kwa bei ya kutupa siku chache kabla ya kung'oa nanga, na kwamba Mtanzania mwenye subira anaweza kuzunguka Karibi au Mediterania kwa fedha kidogo. Tangu Norwegian Dawn ilipotia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024 ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, maswali ya bei hizo yamezidi hata hapa mtaani kwetu. (Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, na kiwanda kilekile cha Meyer kilichotengeneza MV Liemba yetu mwaka 1913. Vijana wengi hawalijui hilo.)

Habari yenyewe si ya uongo. Mimi nimehudumia abiria katika meli za namna hiyo kwa miaka kumi na moja, na najua kabini hizo zinatoka wapi. Abiria anayeweka nafasi mapema hutoa arubuni kwanza, na fedha zilizobaki hutakiwa kulipwa kama miezi mitatu hivi kabla ya safari. Siku hiyo ikifika, wapo wanaoshindwa kulipa au kubadili nia, na kabini zao hurudi mikononi mwa kampuni. Sasa kabini si gunia la mahindi, useme utaliweka ghalani uliuze mwezi ujao. Meli ikishaondoka na kabini tupu, hasara imekwisha kupatikana, maana mafuta yatachomwa vilevile na wapishi watalipwa vilevile. Tena abiria akishaingia hununua vinywaji, hucheza kamari, hulipia matembezi ya bandarini. Kwa hiyo kampuni huona afadhali imwingize kwa nusu bei kuliko kumkosa kabisa.

Lakini tujiulize, ni nani anayezinunua? Niliowaona mimi wengi wao walikuwa wastaafu wa Florida wanaoishi karibu na bandari za Miami na Fort Lauderdale. Mzee wa huko akisikia Jumanne kwamba bei imeshuka, Jumamosi yumo melini. Amekuja kwa gari lake mwenyewe, hana tiketi ya ndege ya kununua wala viza ya kuomba. Punguzo lile limeshonwa kwa kipimo cha mwili wake. Sisi tukilivaa linatupwaya.

Mtanzania anayetaka kupandia meli Barcelona anahitaji viza ya Schengen. Ombi la viza hiyo linapaswa kupelekwa si chini ya siku 15 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, na linaweza kuchukua hata siku 45. Meli ikitoka Barcelona ikapita Tunis kisha ikaenda Naples, viza ya kuingia mara moja haitoshi, kwani Tunisia haimo katika Schengen na abiria atahesabiwa kuwa ametoka na kuingia tena. Hapo hatujataja nauli ya ndege, ambayo ikikatwa kwa haraka yaweza kuishinda bei ya kabini yenyewe. Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba anayenunua siku za mwisho hana nafasi ya kuweka arubuni. Hulipa zote kwa mkupuo, na akishindwa kusafiri kwa kawaida nauli yake hairudi.

Mwaka jana jirani yangu, mwalimu mstaafu, alimlipa wakala mmoja fedha za kabini mbili, yake na ya dada yake. Zilikuwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Meli iliondoka pasi zao zikiwa bado ubalozini. Alipokwenda kudai aliambiwa kwamba masharti yaliandikwa chini ya fomu, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na kwamba alitia sahihi. Kisheria huenda wakala huyo yuko salama. Lakini aliyemuuzia mtu asiye na viza kabini ya meli inayoondoka baada ya siku 12 alijua anachofanya.

Yako na mengine ambayo matangazo hayayasemi. Bei inayoandikwa ni ya mtu mmoja katika kabini ya watu wawili. Ukisafiri peke yako unaweza kutozwa karibu mara mbili. Ushuru wa bandari na bakshishi ya kila siku mara nyingi ni juu yako. Tena kabini za bei ya chini kabisa huchagui mwenyewe, kampuni ndiyo inayokupangia. Niliwahi kuhudumia kabini isiyo na dirisha iliyokuwa chini ya ukumbi wa dansi. Mwenyewe alikuwa akilala saa tisa usiku, na si kwa kupenda. Pia mwananchi ajue kwamba masalio yenyewe yamepungua: kampuni kubwa za Royal Caribbean na Carnival zilitangaza kwamba mwaka 2024 meli zao zilijaa kupita asilimia 100, kwa hesabu yao ya watu wawili kila kabini.

Simkatazi mtu kutembea. Anayetaka kweli kuvizia bei ya mwisho atazame Durban badala ya Miami. Kwa misimu mingi kampuni ya MSC imekuwa ikiweka meli huko katika miezi ya joto ya kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kwa safari fupi za siku tatu au nne kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Mtanzania hadaiwi viza Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90, na Msumbiji vilevile hadaiwi kwa ziara fupi. Hapo ndipo tunapoweza kufanana kidogo na yule mzee wa Florida: pasi iwe mkononi, nauli ya kufika Durban ijulikane mapema, kisha mtu asubiri bei ishuke. Isiposhuka, hajapoteza kitu.

Ombi langu kwa wizara inayohusika na utalii ni kwamba kila wakala anayeuza kabini hizi nchini atakiwe kuandika kwa Kiswahili, juu ya fomu na si chini, mambo matatu: jumla ya gharama zote hadi mtu arudi nyumbani, viza zinazohitajika pamoja na muda wa kuzipata, na kama fedha zitarudishwa safari ikishindikana. Jirani yangu bado anakwenda ofisini kwa wakala yule kila Ijumaa, na kila Ijumaa anaambiwa mhusika ametoka.

Baharia Mstaafu,
Chumbageni, Tanga.