Mtoto anaambiwa 'kajiajiri', nyumbani alisikia nini?

"Soma kwa bidii, usije ukaishia kuuza genge kama mimi." Ni kauli ya mapenzi na wazazi wengi wameshaitoa. Genge hilohilo ndilo lililolipa ada, sare na nauli mpaka mtoto akafika chuo kikuu. Miaka inapita, mhitimu yuko nyumbani na cheti chake, maombi ya kazi hayajibiwi, na sasa kauli imegeuka: "Siku hizi ajira hakuna, jiajiri."

Mtoto aliyekuzwa akilikimbia genge anatakiwa alirudie, tena kwa moyo mkunjufu.

Nini hasa humfanya mwanafunzi wa chuo akusudie kuwa na biashara yake? Watafiti wengi wa swali hili huanzia kwa mwanasaikolojia Icek Ajzen. Mwaka 1991 alieleza kuwa nia ya mtu hutegemea mambo matatu: anavyolithamini jambo lenyewe, anavyoona watu wake wa karibu watalipokea, na kama anaamini ataliweza.

Mzazi anaweza kudhani nguvu yake iko kwenye hilo la pili, yaani atoe baraka na kijana aanze. Lakini mara nyingi hilo ndilo limeonekana dhaifu zaidi. Francisco Liñán na Yi-Wen Chen waliwahoji wanafunzi wa Hispania na Taiwan, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, maoni ya watu wa karibu hayakuisukuma nia moja kwa moja. Yalipitia kwenye yale mengine mawili: yalimfanya kijana aione biashara kuwa kitu cha maana au la, na ajione anaiweza au haiwezi. Kwa hiyo ruhusa inayotolewa baada ya mahafali inakuja imechelewa. Kijana alishajifunza siku nyingi, pale aliposikia kwamba kuuza genge ni "kuishia".

Wapo wanaosema biashara ni damu. Huko Sweden, Matthew Lindquist na wenzake walifuatilia watoto wa kuasili, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwa jumla, kuwa na mzazi mfanyabiashara kuliongeza uwezekano wa mtoto naye kuwa mfanyabiashara kwa takriban asilimia 60. Walipotenganisha damu na malezi, mchango wa wazazi waliomlea mtoto ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa waliomzaa. Wanaoamini kuna mikoa inayozaa wafanyabiashara wana la kutafakari hapo.

Na chuo je? Somo la ujasiriamali pekee halitoshi. Nchini Uholanzi, wanafunzi walioendesha kampuni ndogo kama sehemu ya masomo walipimwa kabla na baada, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ukaonyesha nia yao ya kujiajiri ilipungua. Huenda walionja ugumu wenyewe wakajipima upya, na hilo si baya. Kinachompa mtu imani kwamba anaweza ni kufanya jambo mara nyingi, kwa vipande vidogo, akiwa na mtu anayelijua karibu yake.

Mtu huyo mara nyingi yuko nyumbani. Likizo moja kijana akishika daftari la genge ataona nyanya zilizooza zinavyokula faida ya siku tatu, nani amekopa na halipi, na kwa nini mama anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni badala ya saa moja. Ataona pia kwamba fedha ya mtaji haiguswi hata mgeni akija. Hayo mzazi anayajua kuliko mhadhiri yeyote, ila huyaficha kwa sababu anayaona ni ya aibu.

Haraka nayo haifai. Katika utafiti wa kimataifa wa GUESSS wa mwaka 2018, uliofikia wanafunzi zaidi ya 208,000 katika nchi 54, takriban asilimia 9 tu walitaka kuwa na biashara zao mara tu wamalizapo masomo. Walipoulizwa kuhusu miaka mitano baadaye, walifika karibu asilimia 35. Kijana anayetaka kwanza aajiriwe, ajifunze kazi na kuweka akiba, hajashindwa maisha.

Nia, hata hivyo, hainunui friji wala kulipa pango. Kwa Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya vijana. Kijana mwenye wazo anahitaji wenzake wa kuunda nao kikundi, kisha amwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata.