Udongo Haupimwi kwa Kamba Peke Yake

Wahenga walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Maneno hayo yalinenwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini yafaa sana kwa udongo wa mashamba yetu. Mtu hupita juu yake kila siku, hulima, hujenga, huchimba kisima, wala hafikiri ya kuwa udongo nao umeundwa, tena kwa miaka maelfu. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi udongo wa mahali na mahali unavyotofautiana, na jinsi ya kuulinganisha. Maana nyumba nyingi hupata hasara, si kwa uvivu, bali kwa kupanda mbegu njema mahali pasipo pake.

Wataalamu huhesabu vitu 5 vinavyouunda udongo. Cha kwanza ni mwamba uliovunjika ukawa udongo. Cha pili ni hali ya hewa, yaani mvua na joto. Cha tatu ni umbo la nchi, kama ni kilele, mteremko au bonde. Cha nne ni vyote vyenye uhai: miti, majani, mchwa, minyoo, na mwanadamu mwenye jembe. Cha tano ni muda. Mrusi Vasily Dokuchaev, katika kitabu chake cha mwaka 1883 juu ya udongo mweusi wa Urusi, alionyesha ya kuwa udongo si mwamba uliosagika tu, bali ni kitu chenye asili na tabia yake. Baadaye, mwaka 1941, Hans Jenny aliyafafanua mambo hayo 5 katika kitabu kinachosomwa hata leo.

Katika Afrika Mashariki alikuwako Mwingereza mmoja, jina lake Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Yeye na wenzake walitaka kuchora ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nao wakakutana na tatizo kubwa. Kila waliposhuka kilima, udongo uligeuka: juu mwekundu, katikati wa kijivu, chini mweusi. Wakipanda kilima cha pili, waliona mambo yale yale kwa utaratibu ule ule. Ramani ya nchi nzima haina nafasi ya kuonyesha kila ukanda mwembamba wa namna hiyo. Basi mwaka 1935 Milne alishauri kwamba mfuatano wote, toka kilele hata bonde, uhesabiwe kuwa kitu kimoja, akauita katena, neno la Kilatini maana yake mnyororo. Ramani ilitolewa mwaka 1936. Milne alifariki mwaka 1942, na habari za safari yake ya kupima udongo wa Tanganyika zikapigwa chapa mwaka 1947. Neno lake limeenea ulimwenguni kote, nalo lilitoka katika vilima vyetu.

Tuutazame mnyororo mmoja, ule wa Usukuma, kusini ya ziwa Victoria Nyanza. Juu ya kilima yako majabali makubwa ya matale, yamekaa moja juu ya lingine. Chini ya majabali udongo ni haba, wenye changarawe. Tukishuka kidogo twakuta mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni. Jembe huingia bila taabu, na mihogo, karanga na viazi hustawi. Tukishuka tena twafika itogolo, udongo wa kijivu ambao chini ya tabaka la juu una tabaka gumu kama sakafu. Maji hayapenyi, wala mizizi haipiti. Kwa hiyo tangu zamani mahali pa namna hiyo paliachiwa ng'ombe, na siku hizi watu wengi hujenga majaruba ya mpunga, wakiigeuza ile sakafu kuwa faida, kwa kuwa huyazuia maji yasipotee. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi mzito wa mfinyanzi. Wakati wa masika hunata mguuni hata kiatu hubaki nyuma. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambamo mkono huweza kuzama.

Angalieni ya kuwa majina haya yalikuwako kabla ya wataalamu kuja. Wakulima walikwisha kuutenga udongo kwa rangi yake, ugumu wake, na mazao yake. Mtaalamu aliongeza vipimo na sababu, wala hakuona aibu kulichukua neno mbuga na kuliandika katika vitabu vyake. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kufundisha elimu hii na aanze kwa kuwauliza wazee wa mahali pake majina ya udongo. Atapata nusu ya somo kabla ya kushika sururu.

Sababu ya mnyororo huu ni maji. Mvua ikinyesha juu ya kilima, hupenya upesi na kwenda zake. Mahali ambapo maji hayatuami, hewa huingia ndani ya udongo, na chuma kilichomo hushika kutu; ndiyo maana udongo wa juu mara nyingi ni mwekundu. Maji yashukapo huchukua chembe laini za mfinyanzi na chumvichumvi za rutuba, huacha mchanga nyuma. Mahali ambapo maji hukaa sehemu ya mwaka, hewa hukosekana, wekundu hupotea, na udongo huwa wa kijivu. Bondeni vyote vilivyochukuliwa hukusanyika, hata chokaa huonekana kama vijiwe vyeupe ndani ya udongo mweusi. Basi bonde limetajirika kwa mali ya kilima. Anayeharibu kilima kwa kulima wima, toka juu kwenda chini bila matuta, hupoteza mali ya juu, na tena mchanga wa makorongo humfunika jirani yake wa chini.

Hapo twafika penye jambo linaloleta ugomvi katika nyumba. Tuseme mzee ameacha shamba la ekari 6 lililoshuka toka kilimani mpaka bondeni, na warithi wake ni wawili. Wasuluhishi huja na kamba, wakalikata shamba kwa kulivuka mteremko: ekari 3 za juu za mmoja, ekari 3 za chini za mwenziwe. Kamba haikudanganya, lakini mgawo si sawa. Mwaka wa mvua haba, aliye juu huona mazao yake yakinyauka, wa bondeni akavuna. Mwaka wa mafuriko, wa chini hupoteza vyote, wa juu akala mihogo yake. Kila mwaka mmoja huja kukopa kwa mwenziwe, na kukopa huzaa maneno. Kama shamba lingekatwa kwa kufuata mteremko, toka juu hata chini, kila mmoja angepata kipande kimoja chembamba lakini timilifu: mahali pa nyumba, mahali pa mihogo, malisho na mpunga. Kukata hivyo kuna taabu zake, maana kipande chembamba ni kigumu kulima kwa maksai wakifuata kontua, tena mipaka huwa mirefu. Lakini wasuluhishi na wajue wanachokigawa: wanagawa mnyororo, hawagawi ekari tupu.

Lakini umbo la nchi si jambo peke yake. Pale Amani hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo ni wa kina kirefu, lakini mvua nyingi imekwisha kuufua kama nguo, hata una uchachu, na rutuba yake kubwa imo katika tabaka la juu la majani yaliyooza. Ukikata msitu na kuchoma, rutuba hiyo huondoka kwa misimu michache. Shuka ng'ambo ya milima, kwenye tambarare za Mkomazi, mvua haifiki nusu ya ile. Katika nchi kame kama hiyo chokaa na chumvi hubaki udongoni kwa kukosa maji ya kuzichukua. Mmoja amepungukiwa chakula cha mimea, mwingine amepungukiwa maji; dawa ya yule haitamponya huyu. Tena katika kisiwa cha Unguja, mvua si sababu ya tofauti yote: upande wa magharibi una udongo wa kina ambamo mikarafuu husimama, na mashariki mwamba wa matumbawe u karibu kabisa na uso wa nchi, hata mkulima hupanda katika vishimo vya udongo kati ya mawe.

Tena idadi ya milimita za mvua haitoshi, maana jua nalo hunywa. Wapimaji wa udongo wa Kenya, katika ramani yao iliyotolewa mwaka 1982, waliigawa nchi katika kanda 7 kwa kulinganisha mvua ya mwaka na maji ambayo jua lingeweza kuyakausha. Penye ukanda wa kwanza mvua hupita asilimia 80 ya kiasi kile. Penye ukanda wa saba haifiki asilimia 15. Kwa hesabu hiyo, mahali pawili penye mvua sawa, pamoja pa baridi mlimani na pamoja pa joto bondeni, si sawa hata kidogo.

Nini huwapata wasiofanya hesabu hizo? Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki, sehemu kubwa katika Tanganyika. Mwaka 1946 wajumbe walizunguka nchi kwa muda wa wiki chache, wakaandika taarifa yao. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika Ugogo. Vichaka vya Kongwa vilikuwa vigumu kung'oa, na matrekta yakavunjika. Lakini adui mkubwa alikuwa udongo na mvua. Udongo ule mwekundu una mchanga unaokula chuma, na mfinyanzi unaokauka kama saruji jua likiwaka. Karanga huzaa ndani ya ardhi. Ardhi ikikauka hivyo, huwezi kuzichimbua. Mvua nayo ilikuja mwaka mmoja, ikakataa mwaka mwingine. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Baadaye sehemu ya nchi ile ilifanywa malisho ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo waliifanya zamani. Walihesabu ekari kabla ya kuusoma udongo. Kosa hilo la mamilioni laweza kufanywa pia na mtu wa ekari 2.

Basi tufanyeje? Nyumba yo yote, na shule yo yote yenye shamba, yaweza kupima mnyororo wake kwa sururu, koleo na daftari, kabla ya mvua kuanza.

1. Chagua mstari mmoja toka juu ya kilima mpaka bondeni. Chimba mashimo 5 au 6 juu ya mstari huo, kila moja kina cha futi 4 au mpaka mwamba, nawe uyazungushie miti, watoto na mifugo wasitumbukie.

2. Katika kila shimo tazama ukuta mmoja uliokwanguliwa vizuri. Andika kina cha kila tabaka, rangi yake ikiwa na unyevu, mawe, chokaa, na mahali mizizi inapokoma. Mizizi ikikoma ghafula, tafuta tabaka gumu.

3. Chukua udongo kiasi cha kukaza ngumi, uloweshe, uufinyange. Usioshikamana ni mchanga. Unaofanya mshipi mfupi ukakatika ni tifutifu. Unaofanya mshipi mrefu unaong'aa na kunata ni mfinyanzi.

4. Mimina maji debe moja ndani ya shimo, ukaandike muda yanaokaa.

5. Weka kipimo cha mvua mahali pa wazi, ukisome kila asubuhi saa moja, uandike pasipo kukosa. Mwaka mmoja haufundishi mengi. Miaka 10 ni hazina.

6. Chora umbo la mteremko kwa mstari mmoja, uweke mashimo yako juu yake, na chini ya kila shimo jina la udongo, pamoja na zao lililostawi hapo na lililoshindwa.

Mambo mengine hayaonekani kwa macho, kama vile uchachu na upungufu wa fosforasi. Hayo yapelekwe kwa wenye maabara. Katika Tanzania kituo cha Mlingano, mkoani Tanga, kimefanya kazi ya udongo kwa miaka mingi. Lakini usichanganye udongo wa kilima na wa bonde katika mfuko mmoja, kwa maana jibu utakalopewa halitakuwa la shamba lo lote ulilo nalo. Kila kiungo cha mnyororo kiwe na mfuko wake na jina lake.

Twawasihi walimu waifanye kazi hii pamoja na wanafunzi wao, na picha ile ya mteremko itundikwe ukutani ambapo wazazi wataiona. Siku ya kununua shamba au kugawa urithi itakapofika, wazee wachukue kamba, nayo ni haki. Lakini wachukue na koleo pia.