Mimbari Haina Kura

Uchaguzi ukikaribia, husikika usemi huu: mchungaji akigombea, waumini wake wote ni kura zake. Ndiyo maana wanasiasa nao hawakosi ibada za Jumapili msimu huo. Maisha ya Peter Cartwright wa Marekani yanaukanusha usemi huo.

Cartwright, mzaliwa wa Virginia mwaka 1785, alikulia Kentucky na kuwa mhubiri wa Kimethodisti, akizunguka kwa farasi kutoka kitongoji hadi kitongoji. Tangu 1800 kanisa liliweka posho ya mhubiri dola 80 kwa mwaka, na mara nyingi hata hizo hazikutimia. Basi akalima. Mwaka 1824 alihamia Sangamon, Illinois: alitaka kuuepuka utumwa, kuwapatia wanawe ardhi, na kuwalea mahali ambapo kazi ya mikono haikuhesabiwa aibu.

Alichaguliwa katika bunge la jimbo mwaka 1828, kisha 1832. Mara hiyo ya pili kijana mmoja, Abraham Lincoln, alikuwa wa nane kati ya wagombea 13. Mtetezi wa usemi wetu atasema mimbari ndiyo iliyoshinda. Lakini Lincoln huyohuyo, asiye na kanisa, alipata kura 277 kati ya 300 katika kituo cha New Salem, alikoishi. Watu walimpa waliyemjua.

Mwaka 1846 wawili hao walikutana tena, safari hii wakiwania Bunge la taifa. Cartwright alikuwa na jina kubwa kuliko zamani, na uvumi ulienezwa kwamba mpinzani wake anaidharau dini. Lincoln alilazimika kutoa waraka akikiri kwamba si mshiriki wa kanisa lolote, ila hajapata kuyakana Maandiko. Jumatatu, 3 Agosti, watu walipiga kura: Lincoln 6,340, mchungaji 4,829.

Utanijibu kwamba eneo lile lilikuwa ngome ya chama cha Whig, naye Cartwright alikuwa Demokrati. Kweli kabisa, na hapo ndipo hoja yangu ilipo: mahubiri yake yote hayakutosha kuwatoa watu hao chamani mwao.

Kwa hiyo mchungaji akija kuomba kura, msimwogope wala msimpe kwa heshima ya joho. Mwulizeni habari za ardhi, barabara na kodi, kama mnavyowauliza wengine.